Gorogoro ikisukwa-sukwa: barua kwa mwanangu mtunzi

Kisumu, Jumatatu usiku

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi huku hatujambo, ila mvua za jioni zimenilowanishia omena, hawa dagaa wa ziwani ninaouza, mara mbili wiki hii, na turubai lenyewe limeshakuwa chujio. Baba yako anakusalimu.

Tangu uniambie jana kwenye simu kwamba umekauka, sijatulia. Ulisema umefunga siku tatu, ukakesha na daftari hadi saa nane usiku, usipate hata ubeti mmoja. Halafu ukaongeza, "Mama, labda ni kwa sababu sijapitia mambo mazito." Hilo lilinichoma. Baba, usije ukamwomba Mungu msiba ili upate wimbo.

Najua umelitoa wapi. Kila tukiimba "Nionapo amani kama shwari" lazima mtu asimame atusimulie habari za Horatio Spafford: meli iliyozama mwaka 1873, binti zake wanne wakafa maji, naye inasemekana akayaandika yale maneno akiwa baharini kumfuata mkewe aliyenusurika. Msiba ule ni wa kweli, na mimi mwenyewe wimbo ule hunitoa machozi. Lakini mbona hakuna anayesimama kusimulia ya Thomas Chisholm? Mmarekani huyu alikuwa mchungaji, afya ikamkatalia, akaishia kuuza bima. Mwaka 1923 aliandika wimbo juu ya uaminifu wa Mungu, akiutoa katika Maombolezo 3, na mwenyewe alieleza kwamba haukutokana na tukio lolote la pekee. Siku zake za kawaida ndizo zilizomfundisha. Na lile andiko linasema rehema ni mpya kila siku asubuhi. Wewe asubuhi huamka Nakuru, unachemsha chai, unagombania matatu. Humo hujatafuta.

Acha nikupe yangu. Luka 6:38 nimeisikia tangu nikiwa mtoto, hasa wakati wa sadaka: kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nilikuwa naijua kwa mdomo tu. Siku moja pale sokoni Kibuye akaja bibi mmoja mzee, nikamjazia gorogoro, lile kopo letu la kupimia, ya omena. Akaitazama, akasema, "Itikise, mama." Nikaitikisa. Unajua omena: vinalala kichwa huku mkia kule, chini kunabaki nafasi tupu. Nilipotikisa vikashuka vidole viwili. Nikaongeza. Akasema, "Shindilia." Nikakandamiza kwa kiganja, vikashuka tena. Nikaongeza tena mpaka kikawa kilima, vikaanza kuteleza pembeni na kuangukia gunia. Ndipo yule bibi akafungua leso aliyojifunga kifuani, akainama, akanyosha pindo. "Mimina hapa."

Kifuani! Biblia inasema watawapa "vifuani mwenu", na mimi miaka yote nilidhani ni maneno ya kupamba. Nilibaki nacheka peke yangu, jirani yangu wa meza akaniuliza kama nimeokota pesa. (Huyo ndiye aliyegonga kitako cha gorogoro yake kikaingia ndani, kwa hiyo andiko hili sikumweleza.) Jioni nilifika nyumbani na kiitikio kizima, na siku hiyo nilikuwa nimekula mandazi manne.

Kwamba kiitikio hicho kilikufa ni kosa langu. Jumapili nilikianzisha juu kama ninayeita mtu ng'ambo ya ziwa. Wazee walinifuata mpaka katikati, wakanyamaza mmoja mmoja, nikabaki mimi na mpiga ngoma. Kwa hiyo ukishatunga, mwimbie mtu aliyetoka shamba, amechoka. Asipofika na wewe, shusha.

Sasa wimbo wako wa mwisho. Nimeusikiliza kwenye simu mara nyingi, sauti ni nzuri. Lakini una bahari kuu, una tai, una milima yenye theluji. Theluji umeigusa wapi wewe? Umekulia karibu na ufuo wa Dunga, hapa ziwani. Unakumbuka asubuhi ile magugu maji yalipofunga ufuo wote, mashua zikakwama, wavuvi wakakaa kitako na nyavu zao? Kesho yake tulipoamka maji yalikuwa wazi, upepo wa usiku ulikuwa umeyasukuma yote upande mwingine wa ghuba, hakuna mtu aliyeshika hata panga. Wewe ndiye uliyekuja mbio kuniita nikaone. Ungeyaandika hayo, mama mboga yeyote wa hapa angejua unaimba habari za Mungu gani.

Na jambo lingine, usinikasirikie. Umeandika "rehema" halafu ukaivuta "ma" mpaka pumzi ikaisha. Nani anasema hivyo? Uzito wa neno uko kwenye "he". "Mwokozi" uko kwenye "ko". Kiswahili hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo ukikanyaga kwingine sikio linajua hata kama mwimbaji hajui. Zile tenzi zilizotafsiriwa tunazisamehe kwa sababu sauti zilikuja na meli zikiwa tayari. Wewe unatunga mwenyewe, huna udhuru. Sema mstari kwanza kama unayemwambia jirani, kisha uache maneno yenyewe yakuonyeshe pa kupanda na pa kushuka.

Maneno yakikataa kabisa, anza na sauti. Fanny Crosby, yule mama mtunzi wa nyimbo aliyekuwa kipofu tangu uchanga, mwaka huohuo wa 1873 rafiki yake Phoebe Knapp alimpigia sauti mpya akamuuliza inasema nini, naye akaanza kuitamkia maneno. Wewe una kinanda na macho mawili.

Nimekutumia omena gorogoro moja, imetikiswa. Nimempa dereva wa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, atakupigia akifika steji. Vianike tena kidogo kabla ya kukaanga kwa sababu ya ile mvua. Na ukipata kitu, hata mstari mmoja, nirekodie bila kinanda kwanza, nisikie maneno.

Ni mimi mama yako.