Sio kila damu ya chooni ni bawasiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo naona magazeti yetu yanalikwepa. Kila mwaka mnatuandikia habari za saratani ya shingo ya kizazi na chanjo ya HPV, na msiache, lakini kirusi hicho hicho kinaleta saratani ya njia ya haja kubwa na hapo kila mtu kimya, eti aibu.

Karibu saratani 9 kati ya 10 za sehemu hiyo zinatokana na HPV, hasa ile aina ya 16 ambayo ndo inaongoza pia kwa shingo ya kizazi. Wengi wetu tunakipata hicho kirusi ukubwani na mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka au miwili, shida ni pale kinapong'ang'ania miaka na miaka mpaka seli zinaanza kuharibika. Walio hatarini zaidi ni wanaoishi na VVU, waliopandikizwa figo, wavuta sigara, na wanawake waliowahi kuugua saratani ya shingo ya kizazi.

Mama yangu mdogo alikuwa akienda haja anatoka damu, zahanati wakamwambia bawasiri, wakampa dawa ya kupaka. Ikaisha akanunua nyingine, baadae akahamia kwenye unga wa mitishamba wa wale jamaa wa stendi wenye spika, huku nyumbani anakaa kwa kuegemea paja moja kwenye kochi na ukimuuliza anakwambia mgongo. Muda wote huo hakuna aliyevaa glovu akampima kwa kidole, yaani kipimo cha dakika mbili tu! Aliyekuja kumpima akakuta uvimbe, wakachukua kinyama, majibu yakaja saratani. Amepigwa mionzi na kemo, amemaliza, anaendelea na kliniki, namshukuru Mungu sana. Ila angewahi angeteseka kidogo, maana hii ikikamatwa mapema wengi wanapona kwa mionzi na kemo tu bila kufanyiwa operesheni ya kuwekewa mfuko wa choo tumboni.

Kilichomuumiza kuliko ugonjwa ni maneno ya watu, "huyu alikuwa anafanya nini mpaka augue huko". Jamani, kufanya mapenzi kinyume na maumbile kunaongeza hatari, ni kweli, lakini sio lazima iwe hivyo, HPV inaambukizwa kwa ngozi kugusana sehemu za siri na inaweza kufika huko bila hicho mnachokiwaza, na nchi nyingi wanawake ndo wanaougua zaidi kuliko wanaume. Marcia Cross, mwigizaji wa Marekani, aligundulika mwaka 2017 na mwaka 2019 akasimama hadharani akasema, tena mumewe alishaugua saratani ya koo kabla yake na madaktari wakahisi zote mbili zimetokana na HPV. Nani atathubutu hapa kwetu kama mgonjwa anasemwa hivyo?

Kuhusu chanjo, Tanzania tulianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Wizara ikitangaza iseme wazi kwamba inakinga na hii saratani nyingine, na wavulana nao wafikiriwe, Australia wanawachanja tangu 2013. Na wale wanaosema inafunga kizazi waache kuwatisha wazazi.

Halafu kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2022 kwa wenye VVU wa miaka 35 na kuendelea ulionyesha kwamba ukitibu seli za njia ya haja kubwa zilizoanza kuharibika kabla hazijawa saratani, saratani hiyo inapungua kwa zaidi ya nusu. Sijasema tuwe na mashine zao za uchunguzi kesho, ila mgonjwa anapokuja kuchukua dawa aulizwe hata hilo swali moja, unatoka damu, una maumivu huko?

Mhariri, mtafuteni daktari awaandikie wasomaji dalili zake: damu, muwasho usioisha, maumivu, kinyama au uvimbe. Na wewe msomaji unayepaka dawa ya bawasiri wiki ya ngapi sijui na hali ni ile ile, rudi hospitali umwambie daktari, naomba unipime kwa kidole. Ukiona haya omba upimwe na wa jinsia yako, unaruhusiwa.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam