Jumamosi: mtu kutoka nje ya mwili wake

Jambo wandugu. Jumamosi tunakutana Nyawera, hapa Bukavu, saa nane, tujadili habari za mtu kutoka nje ya mwili wake, ili watu wa Kadutu wafike nyumbani kabla ya giza.

Chama cha Wateosofia, watu waliotafuta elimu ya siri ya mambo ya roho, kilichoanzishwa New York mwaka 1875, kilifundisha kwamba tuna mwili mwingine mwembamba unaoweza kuuacha huu wa nyama. Waandishi Muldoon na Carrington, katika kitabu chao cha mwaka 1929, wakaeleza uzi wa fedha unaounganisha miili hiyo. Wengine mtataja Mhubiri 12:6, panapotajwa kamba ya fedha; someni sura yote, pale panazungumzwa kifo.

Mimi kinachonishika zaidi ni Geneva. Mwaka 2002 daktari wa ubongo Olaf Blanke na wenzake waliandika juu ya mwanamke mwenye kifafa: walipogusa kwa umeme sehemu ya ubongo wake, upande wa kulia, akajiona kutoka juu amelala kitandani. Tena aliona miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu! Hilo lazima tulijadili kwa kirefu.

Aliyewahi kukabwa na jinamizi aje aseme bila haya. Na mtoto akisimulia kwamba aliruka usiku, nawasihi, asiitwe mchawi. Tumsikilize.

Wanaokuja waandike hapa leo, mama wa chai anangoja idadi.