Kabati Usilete, Mwanangu

Mvumi, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo mjini pamoja na mkwe wangu na mjukuu wangu. Huku hatujambo. Uwele tumeshapura, umeingia kihengeni.

Nimekaa na maneno yako ya juzi kwenye simu, kwamba unataka kukopa uniletee seti ya makochi na kabati la vyombo, kwa kuwa sebule yangu iko tupu na wageni watakusema. Nakushukuru kwa moyo huo, baba. Lakini usikope, na usilete.

Chumba hicho nilikiondoa vitu mwenyewe. Baba yako alipotutoka, nyumba ilikuwa imejaa: masanduku ya nguo zisizovaliwa, vyombo vya wageni wasiokuja, viti vilivyosubiri fundi. Usiku nikisikia mbwa, niliwaza kufuli. Nikaanza kugawa taratibu, kwa mashemeji, kwa wanakwaya, kwa binti aliyeolewa bila hata sufuria. Sasa pana mkeka, na hapo ndipo ninapopiga magoti alfajiri. Zamani nilikuwa naomba huku nahesabu mali. Siku hizi nikimwita Mungu, ninakuwa namwita Yeye tu, na nikinyamaza sina haraka ya kuinuka.

Usidhani nasifia njaa. Sisi Wagogo hatuwezi. Wazee walionilea walitusimulia Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Watu walikufa, wengine wakatawanyika. Mtu asikwambie kwamba ufukara ni utakatifu. Mtoto anayelala bila kula hana amani yoyote, na mama yake ndiyo kabisa. Ninachokiongelea ni mtu aliyeshiba ambaye bado hatulii.

Tazama mambo ya shamba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600 tu. Uwele na mtama vinaiweza hali hiyo. Lakini watu wanaona haya kumpikia mgeni ugali wa uwele, wanataka sembe nyeupe, basi wanalima mahindi shamba zima. Mvua ikikatika Februari mahindi yanakauka yakiwa yanachanua, na anayekwenda kuomba debe la nafaka ni yule yule aliyeona haya. Jambo hili linaniuma kila mwaka. Ardhi yetu inatulisha tukiiomba inachoweza kutoa.

Nawe uko hapo Dodoma mjini, na tangu serikali ianze kuhamia 2016 kila mtu anakimbizana na viwanja, magari na ghorofa. Najua macho yanavyovuta. Mwenzako wa ofisini akihamia nyumba mpya, unarudi kwako unaiona yako imekuwa ndogo, na jana ilikuwa inawatosha. Ndipo unapowaendea hao wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu. Mkeo ameniambia mwishoni mwa mwezi hulali, unazunguka uani na simu mkononi. Amani ya namna gani nitakaa nayo kwenye kochi lililonunuliwa kwa usingizi wako?

Katika Sala ya Bwana tunaomba riziki ya leo. Nimeisema sala hiyo tangu utoto, lakini nimeanza kuielewa uzeeni, kwenye mkeka huo. Mtu akiridhika na ya leo, anabaki na nafasi moyoni ya kumwona jirani na kumsikia Mungu. Wewe bado kijana, una mtoto wa kusomesha, sikuombi uishi kama mimi. Ila kabla hujasaini mkopo mwingine, kaa kimya kidogo na mkeo, mjiulize kama hicho kitu mnakihitaji nyinyi au kinahitajiwa na macho ya watu.

Maliza deni kwanza. Krismasi njooni mikono mitupu, mlenda mkavu upo wa kutosha na mikeka ya kulalia ipo. Mkishatulia, kitu kimoja nitakipokea kwa furaha: gata za bati na tangi la kukingia maji ya mvua. Njia ya kisimani imekuwa ndefu kwa miguu yangu, na jirani yangu mgonjwa naye angechota hapa.

Mungu akutunze.

Mama yako