Mbona kujua "asilimia ngapi" kunachukua muda kuliko kujua "yamechanganywa au la"

Swali linalokuja sana hapa dukani Malindi, hasa kwa nyinyi mnaonunua mafuta ya nazi kwa mtungi mkauze kwa chupa, ni hili: mbona kuangalia kama mafuta yamechanganywa ni bei rahisi na majibu yanatoka haraka, lakini mtu akiuliza yamechanganywa kiasi gani bei inapanda na siku zinaongezeka, na chupa ni ileile, mashine ni ileile? Kuna walioshasema tunawala. Haya, nieleze.

Mashine inaitwa NMR. Sisi hatuna, tunapeleka sampuli maabara Nairobi, kazi yetu ni kuiandaa, kuagiza ipimwe vipi na kusoma majibu. Protoni za hidrojeni zilizo kwenye mafuta zinajipanga ndani ya sumaku, zinapigwa na mawimbi ya redio, zinajibu, na majibu yanachorwa vilele vilele kwenye grafu, eneo la kila kilele linakwenda na idadi ya protoni. Sasa jibu lenyewe ni hafifu, linazama kwenye kelele ya mashine, kwa hiyo mpigo unarudiwa na majibu yanajumlishwa. Na hesabu yake ni chungu kidogo: ukitaka uone mara mbili vizuri zaidi lazima upige mara 4, ukitaka mara nne upige mara 16. Ndo mtu anashawishika apige chapuchapu.

Hapo ndo pabaya, manake baada ya kila mpigo protoni zinahitaji kutulia kabla ya kupigwa tena, na hazitulii sawa. Chukulia mzee kapita barazani watu wote wanainuka kumuamkia, vijana wameshasimama, wenye magoti mabovu bado wanajikokota, we ukihesabu waliosimama papo hapo utaandika baraza ina vijana watupu. Muda huo wa kutulia unaitwa T1. Ukisubiri T1 moja umepata 63% ya jibu kamili, tatu 95%, tano ndo 99.3%. Tuseme T1 ni sekunde 2: kwa dakika 10, ukisubiri sekunde 10 kila mpigo unapata mipigo 60, ukisubiri 2 unapata 300 na grafu inatoka safi zaidi, kama mara moja na nusu hivi, inapendeza kweli, lakini ukubwa wa vilele ni wa uongo.

Na kwa mafuta ya nazi uongo huo una upande. Karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni lauriki, ambayo haina kiungo cha mara mbili kati ya kaboni na kaboni, kwa hiyo kilele cha protoni za kiungo hicho, karibu na namba 5.3 kwenye mstari wa chini wa grafu, ni kidogo. Mtu akitia soya au mawese ya maji kilele hicho kinakua. Sisi tunakilinganisha na vile vya gliseroli, kile kipande kinachoshikilia asidi hizo pamoja, karibu na 4.2, ambavyo viko kwenye mafuta yote. Gliseroli inatulia upesi, protoni za kile kiungo zinachelewa. Kwa hiyo ukiharakisha, kinachopunjwa ni kilekile kilele cha mchanganyo, yaani aliyechanganya anatoka msafi kuliko alivyo. Hiyo siikubali hata mteja akiniambia nimpunguzie.

Kwa kipimo cha haraka tunaagiza mpigo wa pembe ndogo, yaani unaoziinamisha protoni kidogo tu, na kusubiri kidogo, inatosha kabisa kusema kuna kitu kigeni. Cha kiasi ni mpigo wa nyuzi 90, unaozilaza kabisa, na kusubiri mara tano ya T1 ya protoni inayochelewa kuliko zote. Mipigo inapungua, basi tunafidia kwa kutia mafuta mengi zaidi kwenye tyubu, bahati nzuri mafuta si kitu adimu. Ila mchanganyo ukiwa mdogo, asilimia 2 hivi, hakuna ujanja, mipigo mingi na kusubiri kote, na hiyo ndo bei ya juu. (Kuna wanaoulizia kipimo cha kaboni-13. Ni 1.1% tu ya kaboni yote, na ule ujanja wa kuikuza unakuza vilele visivyo sawa, kwa kiasi lazima uzimwe. Ghali, na kwa mafuta mara nyingi haihitajiki.)

Ukileta, sema kwanza unataka kujua nini. Kama una ugomvi na aliyekuuzia, leta chupa mbili za kioo, kavu, zilizojazwa kutoka mtungi mmoja mbele yake, moja tunapima, ya pili inabaki imefungwa.