Kivumbasi nacho kiingie kwenye vitalu vya miche

Mhariri,

Tangu serikali itangaze lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, miche ninayoiona ikigawiwa huku kwetu Shinyalu, Kakamega, ni ile ile: mikaratusi na migrevilea. Sina ugomvi na miti hiyo, inatupa kuni na nguzo. Lakini shamba langu ni kipande kidogo, na kinachonilisha ni pasheni, maharagwe na malenge. Mazao hayo yanataka nyuki.

Naomba vitalu vyetu vioteshe kivumbasi pia. Ni kichaka chetu cha asili, kile ambacho mama zetu walisugua majani yake kufukuza mbu. Nimekipanda mpakani mwa shamba, mahali ambapo mkaratusi ungeninyang'anya maji. Kikichanua, hujaa nyuki wa asali, vinyuki wasiouma, na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa.

Hao weusi watu huwaua wakidhani ni waharibifu tu, na jambo hili linaniuma sana. Chavua ya pasheni ni nzito tena inanata, upepo hauwezi kuibeba. Nyuki mdogo huweza kupenya chini, akanywa utamu wa ua na kwenda zake bila kugusa chochote. Yule mweusi ana kimo: akiinama kunywa, mgongo wake hukwangua chavua na kuipeleka ua jingine. Na ua la pasheni hufunguka siku moja tu. Lenge ndilo halina subira kabisa, maana ua dume na ua jike ni mbali mbali, na adhuhuri yote yamekwisha kujifunga.

Kivumbasi hakina gharama. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zimwage juu ya udongo laini, usizifukie. Miche ikifika shubiri, ihamishe. Maua yakikauka, pogoa, kitachipua na kuchanua tena. Ukilazimika kupuliza dawa shambani, ngoja jioni nyuki wakiwa wamerudi makwao. Gogo kavu nalo liache pembeni, wale weusi watatoboa humo badala ya paa lako.

Mbegu zangu za mwaka huu zimekwisha kukauka. Shule yoyote ya hapa Shinyalu yenye kitalu nitaipa bure, mradi zichukuliwe kabla ya mvua za Machi.

Mama mkulima,
Shinyalu, Kakamega