Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: chanjo ya janga lijalo tuipange kwa jokofu kabla ya asilimia

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: MPANGO WA CHANJO WAKATI WA MLIPUKO

Tunakuandikia sisi wafamasia, wauguzi wa chanjo na wataalamu wa maabara tulioko Kigoma Ujiji, Kasulu na Uvinza. Tunaomba mpango wa mkoa wa kukabili milipuko uandike tangu sasa aina gani ya chanjo itakwenda kituo gani, na kigezo cha kwanza kiwe jokofu na boti. Asilimia za majaribio, yaani chanjo ilizuia ugonjwa kwa kiasi gani, zifuate nyuma.

Asilimia ndizo zilizotuvuruga wakati wa UVIKO-19. Pfizer 95, Moderna 94, Sinopharm 79, Janssen 66: watu walizisoma kama alama za mtihani mmoja. Lakini Pfizer na Moderna zilipimwa mwaka 2020, kabla virusi havijabadilika sana. Janssen ilipimwa kwa dozi moja tu, sehemu ya majaribio yake ikifanyika Afrika Kusini wakati aina ya Beta imeshatawala, na ile 66 ilihesabu ugonjwa wa kati na ule mkali kwa pamoja. Kwa ugonjwa mkali peke yake ilikuwa 85. Mtu wa Kakonko aliyeikataa Janssen akisubiri "ile ya 95" alibaki bila kinga kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Tunajua kwa nini watafiti wamekimbilia mRNA, chanjo kama Pfizer na Moderna zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili kinga ikitambue. Mpangilio wa vinasaba vya virusi ulitangazwa Januari 2020, na tarehe 16 Machi mtu wa kwanza alichomwa chanjo ya majaribio ya Moderna. Kwa chanjo za virusi vilivyouawa, lazima kwanza uvioteshe virusi hai kwa wingi kwenye maabara yenye ulinzi mkali, ndipo uviue kwa kemikali. Kwa mRNA unabadilisha maandishi ya maelekezo tu, kiwanda kinabaki kilekile. Kasi hiyo ni ya kweli, na Katalin Karikó na Drew Weissman walistahili Nobeli ya 2023.

Ila kasi ya kiwandani haifiki yenyewe Kalya, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. mRNA ni uzi unaokatika upesi, umefungwa ndani ya vitone vya mafuta. Ndiyo maana Pfizer ya kifuniko cha zambarau ilihifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 90 chini ya sifuri. Ikishayeyuka hairudishwi kwenye barafu. Kichupa kiliongezwa mililita 1.8 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kikapinduliwa taratibu mara 10 bila kutikiswa, kisha kikatoa dozi 6 za mililita 0.3. Dozi ya sita ilipatikana kwa sindano zisizobakiza dawa. Kwa sindano za kawaida mara nyingi iliishia kwenye bomba. Baada ya kuchanganywa ulikuwa na saa 6. Wakijitokeza watu wanne, dozi mbili zimemwagwa. Maji ya chumvi yasipopakiwa kwenye boti, basi safari nzima imekwenda bure.

Sinopharm na wenzake wa virusi vilivyouawa wanakaa nyuzi 2 hadi 8, jokofu lilelile la pentavalenti, chanjo ya watoto ya magonjwa matano. Wengi huishia hapo na kusema hizi ni rahisi. Hapana. Adui wa chanjo hizi ni barafu, na barafu huua kimyakimya. Nyingi zina aluminiamu ya kuamsha kinga. Zikiganda, chembe zake hushikana na nguvu ya chanjo hupotea. Kiashiria cha joto kilichobandikwa kwenye kichupa hakitakwambia, maana chenyewe husoma joto tu. Kosa la kawaida ni kutoa pakiti za barafu kwenye friza na kuzitia moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo. Ziachwe nje kwanza mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani.

Ukishuku kuganda, chukua kichupa kingine cha toleo lilelile, kigandishe kabisa makusudi, kiyeyushe, kisha vitikise vyote viwili na uviweke mezani pamoja. Kile unachokishuku kikituama haraka sawa na kile ulichogandisha, au zaidi, kiondoe. Kipimo hiki ni cha chanjo zenye aluminiamu pekee. Kwa mRNA hakina maana, na kutikisa kwenyewe kunaiharibu.

Utafiti mmoja wa kipindi kile unatufaa sana: aliyeanza na chanjo ya virusi vilivyouawa akaongezewa dozi ya mRNA alipata kingamwili nyingi kuliko aliyerudia ileile. Kwa hiyo vijiji vya ziwani vinaweza kuanza mapema na chanjo ya jokofu la kawaida, na nyongeza ikafuata kwa safari moja iliyopangwa vizuri.

Haraka yetu ina sababu. Jirani zetu Kagera walipata Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, mwaka 2023 na tena 2025. Haina chanjo iliyoidhinishwa. Iliyotumika kwa majaribio Rwanda mwaka 2024 ilibebwa na adenovirusi, kirusi kilichodhoofishwa kinachobeba maelekezo ya chanjo, aina mpya ya chanjo. Chanjo ya Ebola, Ervebo, nayo huhifadhiwa nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Hivyo mkoa unahitaji angalau friza moja ya baridi kali yenye jenereta, na makasha maalumu kama yale yaliyopeleka chanjo ya Ebola vijijini Guinea mwaka 2015. Vituo vya mwambao vipewe majokofu ya sola yasiyotegemea betri, pamoja na vipima joto vinavyorekodi mgando. Na kila kituo kiwe na karatasi moja ukutani: chanjo gani haigandishwi, gani haitikiswi, gani ina saa 6.

Tuko tayari kukaa na Mratibu wa Chanjo wa Mkoa tuipitie orodha hiyo kituo kwa kituo, tukianzia Kagunga na Kalya.

Wako katika kazi,
Wafamasia, wauguzi wa chanjo na wataalamu wa maabara
Kigoma