Betri ya simu usiichokonoe na bisibisi

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wa Dodoma wanaojibadilishia betri za simu nyumbani. Sio vibaya, kwanini utupe simu nzima kisa betri? Ila jamani betri ya lithiamu ukiichokonoa na bisibisi ikatoboka inaweza kuwaka hapohapo, na moshi wake ni sumu. Acha chaji ishuke chini ya asilimia 25, zima simu, mfuniko upashe joto taratibu ulegee, chomoa kwanza waya wa betri ndo uibandue na kadi ya plastiki, polepole. Ikishavimba mpelekee fundi. Na TBS, shirika la viwango, wazikague hizi betri zinazopangwa mezani juani kutwa nzima, joto linaziua kabla hatujazinunua!

Msomaji, Chang'ombe, Dodoma